Namna ya Kumtambua Buibui-kaa Hadi Kufikia Jenasi Yake

Buibui-kaa ni wale wa familia ya Thomisidae, ambao hawatandi utando wa kunasia mawindo bali huvizia juu ya ua, jani, kijiti au ardhini, wakiwa wameitanua miguu ya mbele kwa pembeni. Familia hii ina zaidi ya jenasi 160 (jenasi ni kundi la spishi zenye udugu wa karibu) na zaidi ya spishi 2,000 duniani, na jenasi zilizoenea zaidi barani Afrika unaweza kuanza kuzitafuta katika shamba lolote la Unguja au Pemba, ukiwa na lenzi ya mkononi inayokuza mara 10. Mwongozo huu unahusu kumfikisha buibui huyo kwenye jenasi. Kumfikisha kwenye spishi ni kazi nyingine, na sababu yake itaonekana mbele.

Kabla ya yote, iweke rangi kando. Majike wa buibui-kaa aitwaye Misumena vatia, na wa baadhi ya spishi za jenasi ya Thomisus, hubadilika kutoka weupe kwenda manjano na kurudi tena, kwa muda wa siku kadhaa, kufuatana na ua walilokalia. Buibui mmoja anaweza kuwa mweupe juu ya ua la mchungwa, na ndugu yake wa spishi ileile akawa wa manjano juu ya ua la mbaazi. Atakayewapanga kwa rangi atawatenganisha ndugu na kuwaunganisha wasiohusiana, na kwa maoni yangu hakuna kosa linaloharibu kumbukumbu za wadudu na buibui wa visiwani petu kuliko hilo.

Ili kumpata, tafuta asubuhi kwenye maua yanayotembelewa na nyuki, na umwangalie nyuki aliyetulia kupita kiasi. Ukilitikisa ua naye asiruke, inama umtazame kwa chini: mara nyingi utakuta miguu minne mirefu imemkumbatia, na kinywa cha buibui kimegandama nyuma ya shingo yake. Taya za buibui-kaa hazina meno makubwa ya kusagia, kwa hiyo humfyonza windo kupitia tundu dogo na kumwacha akiwa ganda zima. Maganda makavu ya nyuki na nzi yaliyolala juu ya majani chini ya ua ni dalili nzuri. Kwa vichaka, tandaza shuka nyeupe chini ya tawi na uligonge kwa ufito. Kwa majani marefu ya kando ya bonde la mpunga, pitisha wavu wa kitambaa. Katika misitu ya hifadhi kama Jozani au Ngezi usikusanye kiumbe chochote bila ya kibali. Kutazama na kupiga picha kunatosha kwa sehemu kubwa ya kazi hii.

Ukishampata, hakikisha kwanza familia. Hesabu macho: yawe manane, katika safu mbili za manne manne, na yale ya pembeni yawe yamekaa juu ya vinundu na kwa kawaida ni makubwa kuliko ya katikati. Kisha linganisha miguu: jozi mbili za mbele ziwe ndefu na nene zaidi kuliko mbili za nyuma. Ikiwa miguu yote inakaribiana kwa urefu, macho hayana vinundu na buibui anakimbia kwa kasi, huyo huenda ni wa familia ya Philodromidae, ambayo zamani ilihesabiwa ndani ya Thomisidae na sasa imetengwa. Yule bapa wa ukutani mwenye macho sita katika safu ya mbele ni wa Selenopidae, ingawa naye hutanua miguu kwa pembeni.

Sasa jenasi. Tazama uso kwa mbele, kisha tumbo kwa juu. Thomisus hutambulika upesi, kwa kuwa pembe za uso wake zimechomoza kama vijipembe viwili vyenye macho ya pembeni, na tumbo la jike hupanuka kuelekea nyuma mpaka likawa na kona mbili. Runcinia ana ukingo mweupe unaokatisha uso kati ya safu za macho, na mwili wake ni mrefu kuliko upana. Hupenda nyasi, ambako hujilaza sambamba na bua. Kwenye nyasi hizohizo unaweza kumkuta Monaeses, ambaye tumbo lake limerefuka na kupita matundu ya kutolea uzi. Tmarus ana uso unaoteremka kwa mwinamo kuelekea mbele, tumbo lenye kinundu kwa nyuma, na rangi ya kijiti alichojibana nacho. Synema ni wa mviringo na anang'aa, aghalabu ana mabaka meusi na mekundu au ya manjano. Diaea mara nyingi ana miguu ya kijani kibichi. Usitake kila mmoja aingie katika orodha hii fupi: jenasi nyingine ni nyingi.

Majina yenyewe yana kanuni inayosaidia. Majina ya kisayansi ya buibui yanahesabiwa tangu kitabu cha Carl Clerck cha mwaka 1757, mwaka mmoja kabla ya yale ya wanyama wengine. Mtaalamu Latreille aliianzisha jenasi ya Misumena mwaka 1804, Walckenaer akaianzisha Thomisus mwaka 1805, na Sundevall akaipa familia jina mwaka 1833. Ukisoma Misumena vatia (Clerck, 1757), mabano yanakuarifu kwamba Clerck aliitaja spishi hiyo chini ya jenasi nyingine, kisha ikahamishwa. Ukisoma Thomisus onustus Walckenaer, 1805, bila ya mabano, spishi haijahama. Kila jenasi hufungwa na spishi moja ya mfano. Kwa Misumena ni vatia. Uchunguzi ukionesha kwamba spishi fulani haina udugu na vatia, spishi hiyo ndiyo itakayotoka, na jina litabaki kwa vatia. Ndiyo sababu kitabu cha zamani hakitoshi: jina lihakikishwe katika Katalogi ya Buibui Duniani, inayotunzwa na Makumbusho ya Historia ya Asili ya Bern, Uswisi, na kusomwa bure kwenye intaneti.

Spishi hutofautishwa kwa viungo vya uzazi: kwa dume, ncha zilizovimba za vipapasio (viungo viwili vifupi vilivyo mbele ya miguu), kwa jike, kibamba kilicho chini ya tumbo. Viungo hivi hukamilika kwa buibui mzima peke yake, na huhitaji hadubini. Dume, ambaye mara nyingi ni mdogo sana kuliko jike, asidhaniwe kuwa mtoto.

Kielelezo kihifadhiwe katika alkoholi ya asilimia 70 hadi 80, pamoja na kikaratasi kilichoandikwa kwa penseli, kwa kuwa wino wa kalamu nyingi huyeyuka: mahali, tarehe, mmea na jina la mkusanyaji. Rangi iandikwe siku hiyohiyo, maana alkoholi huifuta. Ukiwa na hakika ya jenasi tu, andika Thomisus sp. (yaani spishi ya Thomisus isiyojulikana); ukiwa na hakika ya familia tu, andika Thomisidae, na umwachie nafasi atakayekuja na hadubini.