Jinsi ya Kufuga Tetra Neoni Nyumbani, Kuanzia Maji Hadi Kundi Kutulia

Tetra neoni ni samaki mdogo wa mapambo asiyezidi sana sentimita 3 na nusu, mwenye mstari wa buluu unaong'aa kutoka jichoni hadi karibu na pezi dogo la mgongoni, na wekundu unaoanzia katikati ya tumbo hadi mkiani. Asili yake ni vijito vya bonde la Amazoni huko Peru, Kolombia na Brazili, ambako maji ni laini (yana madini machache, kinyume cha maji magumu), yana asidi kidogo, na mara nyingi yana rangi ya chai kwa sababu ya majani yanayooza chini ya miti. Nimekuwa nikimfuga Dar es Salaam, na nililojifunza ni kwamba kazi kubwa hufanyika kabla samaki hajanunuliwa. Ndiyo maana hatua tatu za mwanzo hapa chini zinahusu tangi na maji peke yake.

Hatua ya 1: Tangi na mahali pake

Kwa samaki kumi, tafuta tangi la kioo lenye urefu wa angalau sentimita 60 na ujazo wa lita 60 hivi. Urefu una maana kuliko kina, kwa kuwa neoni huogelea kwa kwenda na kurudi katikati ya maji. Liweke juu ya meza imara, mbali na dirisha lenye jua. Chini tandaza mchanga wa mto au changarawe nyeusi iliyooshwa mpaka maji yatoke safi. Usitumie mchanga wa pwani wala matumbawe, kwa sababu vipande vya makombe vilivyomo huyeyuka polepole na kuyafanya maji kuwa magumu. Chujio la sifongo linaloendeshwa na pampu ya hewa linatosha kabisa, na mkondo wake wa taratibu unawafaa samaki hawa.

Hatua ya 2: Kutayarisha maji

Maji ya bomba yana klorini, ambayo hutoka maji yakikaa kwenye ndoo wazi kwa saa 24 huku yakipigwa hewa. Hata hivyo, kama eneo lako linatumia kloramini, yaani klorini iliyounganishwa na amonia, kusubiri hakutoshi, na itakubidi utumie dawa ya kuondoa klorini. Maji ya visima vingi vya pwani yana chumvichumvi na ugumu ambao neoni hawauzoei kwa urahisi. Mimi huyachanganya nusu kwa nusu na maji ya mvua, niliyoyakinga baada ya mvua ya kwanza kuosha bati, kisha hupima hadi pH, yaani kipimo cha asidi ya maji, iwe kati ya 6 na 7.

Pwani yetu ina msaada mwingine ambao wafugaji wa nchi za baridi huununua kwa bei, nao ni majani ya mkungu, ule mti wa kungu. Okota yaliyoanguka yenyewe, yaliyokauka na kuwa ya kahawia, mbali na moshi wa barabara na dawa za bustani, uyaoshe, kisha uweke jani moja kubwa kwa kila lita 30. Mwanzoni jani huelea. Baada ya siku mbili au tatu huzama, na maji huanza kuchukua rangi ya chai ya rangi iliyochujwa mara ya pili. Rangi hiyo haina madhara. Hupunguza ukali wa mwanga, na samaki huonekana wametulia zaidi ndani yake.

Joto linalofaa ni nyuzi 22 hadi 26. Nairobi, Arusha na Mbeya utahitaji hita, hasa mwezi Julai. Dar es Salaam tatizo ni kinyume chake, na miezi ya Januari hadi Machi mimi huelekeza feni ndogo juu ya uso wa maji. Maji yanayopungua kwa njia hiyo huacha chumvi zake ndani ya tangi, kwa hiyo jazia kwa maji ya mvua, si ya kisima.

Hatua ya 3: Kulikomaza tangi

Tangi langu la kwanza niliweka neoni kumi na wawili siku mbili tu baada ya kulijaza, kwa kuwa muuzaji aliniambia maji yakiwa meupe yako tayari. Ndani ya wiki moja nilibakiwa na watatu, na hadi leo naumia nikikumbuka walivyokuwa wakihema juu ya maji.

Mkojo wa samaki, kinyesi na chakula kilichobaki hutoa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria wa aina moja huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, isiyo na madhara makubwa ikiwa kidogo. Bakteria hao hukaa hasa kwenye sifongo, na huchukua wiki 4 hadi 6 kuzaliana vya kutosha. Washa chujio, tia chembe za chakula cha samaki kila siku mbili, na upime. Siku amonia na nitriti zinaposoma sifuri kwa juma zima huku nitrati ikionekana, tangi limekomaa. Ukipata sifongo iliyotumika katika tangi la rafiki lenye samaki wazima, muda huo hupungua sana.

Hatua ya 4: Kuwaleta samaki

Nunua kumi au zaidi. Neoni wawili au watatu hujificha, hupauka na hawali vizuri, kwa sababu usalama wao uko kwenye kundi. Acha mfuko uelee juu ya maji kwa dakika 20 taa zikiwa zimezimwa, kisha ongeza kikombe kidogo cha maji ya tangi kila dakika kumi kwa muda wa saa moja. Wahamishe kwa wavu, na maji ya mfuko uyamwage. Usiwachanganye na samaki wa Ziwa Tanganyika au Ziwa Nyasa, ambao huhitaji maji magumu na ni wakali.

Hatua ya 5: Matunzo

Wape chakula mara mbili kwa siku, kiasi kinachoisha ndani ya dakika mbili, ukikisaga kwa vidole kwa kuwa midomo yao ni midogo. Kila wiki badilisha robo ya maji, na sifongo uikamue ndani ya maji yaliyotoka kwenye tangi, kamwe si chini ya bomba, kwani klorini huua bakteria. Umeme ukikatika kwa saa nyingi, usiwalishe, na utumie pampu ya hewa ya betri.

Asubuhi unapowasha taa utawakuta wamepauka, karibu hawana rangi. Hilo ni la kawaida, na buluu yao hurudi polepole mbele ya macho yako. Lakini mmoja akibaki na mabaka meupe mwilini, akajitenga na wenzake na mgongo ukaanza kupinda, mtoe mara moja, kwa maana huo huenda ukawa ugonjwa wa neoni, ambao hauna tiba na huenea wenzake wanapomla akifa.