Kubadilisha nobu ya gia iliyochakaa kwenye gari la zamani

Anayeshuka mlima wa Kitonga na mzigo hakai na mguu kwenye breki mpaka chini. Anaingiza gia ndogo, injini inashika gari. Mkono unatakiwa uikute gia hiyo mara moja, bila macho kuacha barabara. Ndiyo maana nobu, kile kichwa cha leva ya gia unachoshika, inayozunguka ovyo, iliyopasuka, au iliyofutika namba zake siihesabu kuwa jambo la urembo. Magari mengi ya manyuo tunayopokea gereji hapa Mbeya ni Hilux na Corolla za zamani, injini bado nzima, lakini nobu imezungushiwa seloteipu au kitambaa. Kazi hii unaweza kuifanya mwenyewe nyumbani.

Kabla hujanunua chochote, shika leva yenyewe chini ya nobu na uitikise gari likiwa fri. Leva ya gari la zamani hucheza kidogo. Ikicheza sana na gia unaitafuta kwa kubahatisha, angalia bushi za leva kule chini. Nobu mpya haitasaidia.

Hatua ya 1: Zuia gari. Egesha pasipo mteremko, zima injini, toa ufunguo, vuta handibreki, kisha weka jiwe mbele na nyuma ya tairi moja. Kwa viwanja vyetu vya huku, jiwe ni lazima. Rudisha leva nyuma, namba mbili au nne, upate nafasi ya mkono mbele ya dashibodi.

Hatua ya 2: Fungua ya zamani. Sukuma kava la leva chini uone shingo ya nobu. Ukikuta nati imebana chini yake, ilegeze kwanza kwa spana huku umeshika nobu isizunguke. Kisha zungusha nobu kushoto kwa mkono, ukiishika kwa kipande cha mpira wa chubu ili isiteleze. Ikigoma, loweka kitambaa kwenye maji ya moto, kikamue, kiviringishe kwenye nobu kwa dakika chache, halafu ujaribu tena. Usitumie moto wa gesi, utayeyusha kava.

Wakati mwingine plastiki inazunguka peke yake na kichuma cha ndani chenye nyuzi, ile mikato kama ya skrubu, kinabaki kwenye leva. Hapo nobu imekwisha: ipasue, kisha bana hicho kichuma kwa praizi na ukifungue. Bana kichuma tu. Meno ya praizi yakigusa nyuzi za leva, kila nobu utakayofunga baadaye itakusumbua.

Maelezo haya ni ya nobu za kuzungusha. Oto yenye kitufe ubavuni usiizungushe, ile ina skrubu na springi zake. Zipo pia gari za manyuo, Volkswagen nyingi mojawapo, ambazo nobu yake haina nyuzi kabisa.

Hatua ya 3: Pima nyuzi. Hapa ndipo watu wanapoteza hela. Nobu mbili zinaweza kufanana kwa macho na moja ikakataa kuingia. Toyota nyingi za manyuo zina leva yenye unene wa milimita 12 na nafasi ya milimita 1.25 kati ya uzi na uzi. Mazda na Mitsubishi nyingi ni 10 kwa 1.25. Honda ni 10 kwa 1.5. Kama huna kipimo cha nyuzi, weka rula kwenye leva na uhesabu nafasi 10 kati ya nyuzi: zikichukua milimita 12.5, ni 1.25, zikichukua 15, ni 1.5.

Usijaribie leva ya Toyota kwa nati ya tairi la Toyota. Nati hiyo ni 12 kwa 1.5, itaanza kuingia vizuri kisha itakwama na kula nyuzi. Nati ya tairi la Suzuki, au la Nissan ndogo, ndiyo 12 kwa 1.25, na ikipita kwa vidole mpaka chini umeshapata jibu. Kwenye foo wili zenye leva mbili, pima kila leva peke yake.

Hatua ya 4: Chagua. Nenda na ya zamani mkononi. Kwa wauza spea za mtumba Mwanjelwa unaweza kupata nobu halisi iliyotoka kwenye gari kama lako, na mimi huipendelea kuliko mpya ya urembo. Ya chuma kitupu inang'aa, lakini asubuhi ya Julai pale Uyole inauma vidole, na ukiteremka Kyela ukaliacha gari juani, inachoma. Zile zinazobanwa kwa skrubu tatu za alenki ziache kabisa kama njia zako ni za vumbi na mashimo. Mtikisiko unazilegeza, nobu inakubaki mkononi.

Hatua ya 5: Funga. Safisha nyuzi kwa brashi ya waya, futa mafuta yote. Anza kwa vidole, wima. Ikigoma mapema, rudi nyuma uanze upya, usilazimishe. Ikikaza kabla mchoro wa gia haujanyooka, irudishe mpaka unyooke, halafu pandisha nati ya chini iibane hapo. Kama gari lako halina nati hiyo, zungushia nyuzi tepu nyeupe ya mafundi bomba. Supagluu hapana, kwa sababu siku ya kuifungua utalazimika kuivunja.

Hatua ya 6: Jaribu. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga klachi upitie gia zote, rivasi ikiwemo. Leva yenye ringi ya kuinua kwa ajili ya rivasi inahitaji nafasi chini ya nobu. Nobu ndefu inaizuia, na hutagundua mpaka uwe umebanwa stendi. Mwisho, vuta nobu juu kwa nguvu. Baada ya wiki moja ya barabara, rudi na spana ukaze nati tena.