SOMO: Kutoa gia boksi ya oto na kufunga ya manyuali kwenye Prado 95 yenye injini ya 1KZ

Wakuu, swali la kugeuza Prado ya oto kuwa manyuali limerudi tena wiki hii na majibu ni yale yale. Nimeliandika lote hapa, atakayeuliza kesho ataelekezwa huku. Ninaongelea Prado ya 1996 hadi 2002, injini 1KZ-TE ya dizeli, iliyotoka kiwandani na oto ya A343F. Kama gari yako ni nyingine, soma upate mwanga lakini usinunue spea kwa somo hili.

Kwanza hakikisha oto imekufa kweli. Chomoa kijiti cha ATF, yaani mafuta ya gia boksi ya oto, uangalie rangi. Mafuta yakiwa ya pinki yenye utando kama maziwa, maji ya rejeta yameingia kupitia kipoza mafuta kilichomo ndani ya rejeta yenyewe, na plati za ndani huwa zimeshaanza kubanduka. Mafuta yakiwa mekundu safi na shida ni taa ya O/D OFF (ya gia ya juu ya oto) inayopepesa kwenye dashibodi, inawezekana ni solenoidi (vali ya umeme ndani ya boksi) au waya tu. Kumtolea mtu gia boksi nzima kwa ajili ya solenoidi ni kumwonea.

VYA KUNUNUA

Nunua gia boksi ikiwa bado imeungana na transfa yake (boksi inayogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma), kutoka kwenye 1KZ ya manyuali. Ukibakiza transfa yako ya oto utaanza kazi nyingine ya kulinganisha shafti na adapta, na hela uliyookoa itaishia huko. Beli hauzingi (ganda linalofunika klachi) lazima iwe ya 1KZ, ya V6 ya petroli haikai. Dai pia flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya krenki) na boliti zake, bati jembamba linalokaa kati ya injini na beli hauzingi, uma wa klachi na mpira wake, silinda ya juu na ya chini za klachi zikiwa jozi moja, bomba lake, pedali zote mbili na breketi yake, krosimemba na maunti, bati la sakafu lenye tundu la liva, switchi ya rivasi, na kompyuta ya manyuali ikipatikana. Plati, presha na beringi ya klachi nunua mpya. Sili ya nyuma ya krenki mpya. Pailoti beringi mpya, nimeieleza hatua ya sita.

Mwanza huvipati vyote duka moja. Zungukia gereji za Nyakato na Mabatini, ukikosa agiza Dar vije kwa basi, ila usitume hela kabla mtu wako hajaikagua boksi kwa mkono. Azungushe shafti ya mbele akiingiza gia zote tano na rivasi, moja moja. Kisha afungue boliti ya kumwagia oili, ina sumaku. Unga laini wa kijivu ni kawaida. Vipande vinavyokwaruza kidole ni meno au beringi, hiyo boksi aiache hapo hapo.

HATUA

1. Toa betri. Pandisha gari kwenye stendi nne za chuma. Jiwe halifai, hata hili letu la Mwanza linaloonekana gumu, hupasuka bila taarifa na wewe uko chini.

2. Mwaga ATF na oili ya transfa. Piga alama ya rangi kwenye flenji za propela zote mbili, kisha uzitoe.

3. Toa bomba la mbele la ekzosi, stata, soketi zote, bomba za ATF na liva.

4. Toki konveta (inayopeleka nguvu ya injini kwenye oto kwa kutumia oili) imeshikwa na boliti sita kwenye fleksi plati, bati lililofungwa nyuma ya krenki. Zungusha krenki kwa spana kutokea puli ya mbele, toa moja moja kupitia tundu la chini. Ukisahau moja, konveta itang'ang'ania injini na oili itakumwagikia. Shusha boksi kwa jeki ya gia boksi. Mzigo huu haubebwi kifuani na vijana wawili.

5. Toa fleksi plati, badilisha sili ya krenki. Boliti za fleksi plati weka pembeni kabisa. Fleksi plati ni bati, flaiwili ni nene, kwa hiyo boliti fupi itashika nyuzi chache tu na ipo siku itakatika.

6. PAILOTI BERINGI. Hapa nilishawahi kuharibu, kwa hiyo nisomeni taratibu. Ncha ya shafti ya gia boksi ya manyuali lazima iegemee kwenye kiberingi kidogo katikati ya krenki. Injini iliyozaliwa oto haina kiberingi hicho kwa sababu konveta haikihitaji, na tundu likiwa tupu hakuna kitu kitakachokuzuia kufunga. Boksi itapanda, boliti zitakaza, gari itawaka na kutembea. Balaa inakuja baadaye: shafti inachezacheza, gia ya kwanza na rivasi zinagoma kuingia gari ikiwa imesimama, plati haiachii vizuri, kisha beringi ya mbele ya gia boksi inakufa na sili inaanza kuvujisha oili kwenye plati. Kazi yote inarudiwa kuanzia hatua ya pili.

Kwa hiyo fanya hivi. Safisha tundu la krenki kwa kitambaa mpaka uone chuma kinang'aa, uchafu na kutu ya miaka huwa ndani. Pima tundu kwa vernia, pima ncha ya shafti, halafu ndipo ukanunue beringi: nje ikaze kwenye tundu, ndani ipite ncha kwa kuteleza bila kucheza. Ingiza kwa kugonga ringi ya NJE tu, kwa soketi yenye upana ule ule. Ukigonga ringi ya ndani umeshaiua kabla haijafanya kazi. Kabla ya kupandisha boksi, zungusha beringi kwa kidole. Ikikwaruza, toa. Tundu likiwa pana au jembamba kuliko beringi sahihi, mpelekee mkerezaji akuchongee bushi. Usikunje bati la kopo kuzibia nafasi, na usipige sentapanchi ili ishike.

7. Flaiwili ikiwa na nyufa au madoa ya buluu, mkerezaji aisawazishe kwanza. Futa uso wake kwa kisafisha breki, vidole vyenye grisi visiuguse. Upande wa plati wenye springi zilizotokeza unatazama gia boksi. Weka plati katikati kwa shafti ya kulenga, kaza boliti za presha kwa msalaba, kidogo kidogo, mpaka Nm 19. Grisi kwenye meno ya shafti iwe utando tu. Ikizidi, itarushwa kwenye plati na klachi itaanza kuteleza ikiwa bado mpya.

8. Pandisha boksi. Dauli (pini za kulengea boksi kwenye injini) zote mbili ziwepo. Boksi iingie yenyewe mpaka uso uguse uso. Ikibaki sentimita mbili na fundi akataka kuivuta kwa boliti, mzuie, atapasua sikio la beli hauzingi au kupinda kitovu cha plati. Na isiachwe ikining'inia kwenye plati wakati mnapumzika. Krosimemba na maunti zikishakaa, pima propela zako kabla ya kufunga. Msuko wa kuteleza (sehemu ya propela inayorefuka na kufupika) usiwe umebana mpaka mwisho wala kuchomoka karibu wote.

9. Funga breketi ya pedali na silinda ya juu. Bati la ukuta wa injini liimarishwe kwa bati la ziada, likinepa pedali itakuwa laini kama sponji na utalaumu hewa. Oili ya klachi ni DOT 3. Toa hewa. Pedali iwe na mchezo wa milimita 5 hadi 15 kabla ya kuanza kusukuma klachi.

10. Waya. Switchi ya P na N ya oto ndiyo iliyokuwa ikiruhusu stata. Zile waya zake mbili za stata zipitishe kwenye switchi ya pedali ya klachi, gari iwake tu klachi ikiwa imekanyagwa. Kuziunga moja kwa moja inafanya kazi, lakini mtoto akizungusha ufunguo gari ikiwa kwenye gia, inaruka. Waya mbili za taa za rivasi ziende kwenye switchi ya boksi mpya. Ukibaki na kompyuta ya oto, itaendelea kutafuta solenoidi ambazo hazipo na O/D OFF itapepesa.

11. Oili ya boksi ni 75W-90, GL-4 au GL-5. Jaza mpaka ianze kutoka kwenye tundu la kujazia gari ikiwa imelala sawa. Transfa vivyo hivyo, watu huisahau. Kisha panda Bugando au Isamilo kwa gia ya pili. Injini ikipandisha mzunguko na gari isiongeze mwendo, klachi inateleza.

MASWALI

Mdau wa Igoma: Mkuu, jumla ni bei gani?

Jibu: Bei ya mtumba inabadilika kila kontena. Orodha iko juu, ipeleke kwa wauzaji watatu.

Kijana wa Buzuruga: Fundi wangu anasema hiyo pailoti siyo lazima, amefunga nyingi bila hiyo na zinatembea.

Jibu: Zinatembea, nimeandika hivyo hivyo kwenye hatua ya sita. Muulize zimerudi baada ya miezi mingapi.

Mdau wa Nyegezi: Nina Prado 120 ya 1KD, nifuate hatua hizi hizi?

Jibu: Soma mistari ya mwanzo, kaka.

Mdau wa Mkuyuni: Shikamoo fundi. Yangu imefungwa mwaka jana, ina mlio lakini sijui unatoka wapi. Kuna namna ya kutofautisha kabla sijashusha boksi?

Jibu: Marahaba, swali zuri sana. Washa gari, weka nyutro, klachi umeiachia. Mlio ukiwepo na ukapotea unapokanyaga klachi hadi chini, ni beringi ya shafti ya mbele ya gia boksi. Mlio ukianza pale mguu unapoanza tu kugusa klachi, ni beringi ya klachi. Ukiwepo wakati klachi iko chini kabisa na umeingiza gia gari ikiwa imesimama, shuku pailoti, kwa sababu hapo krenki inazunguka na shafti imesimama. Andika ulichosikia kabla ya kwenda gereji.

Mdau wa Mkuyuni: Ni hiyo ya mwisho. Nikishusha, pailoti ya zamani naitoaje bila puli?

Jibu: Jaza grisi nyuma yake na katikati yake mpaka pawe pamejaa. Tafuta chuma cha mviringo kinachopita tundu la beringi kwa kubana, kigonge kwa nyundo. Grisi haina pa kwenda, itaisukuma beringi nje. Ongeza grisi, rudia. Ukimaliza safisha tundu lote.

Mdau wa Kishiri: Kwenye lami itakunywa mafuta zaidi?

Jibu: Kwa difu zile zile, ndiyo, mzunguko wa injini unapanda kidogo. Gia ya juu ya A343F ni 0.753, ya tano ya boksi za manyuali R150F na R151F ni 0.838. Hiyo ni asilimia 11 hivi zaidi kwa mwendo ule ule. Mjini, kwenye vilima vyetu, huenda usione tofauti, kwa sababu konveta nayo ilikuwa inapoteza.

Dada wa Kirumba: Habari fundi. Yetu inavuta trela la boti kutoka ziwani, mchangani. Klachi imeanza kunuka baada ya wiki tatu tu.

Jibu: Nzuri dada. Dereva anaanzia kwenye H (mwendo wa kawaida wa transfa) na kuning'iniza klachi. Mchangani aweke LL (gia nzito ya transfa), gia ya kwanza, aachie klachi yote mapema, gari ivute yenyewe polepole. Akifika lami arudishe H, kwa sababu LL inafunga difu ya kati. Kwenye njia panda ya feri ya Kamanga pia gari isishikiliwe kwa klachi, ashike kwa hendibreki. Na muangalie mpira wa uma wa klachi: ukikosekana, maji na mchanga vinaingia moja kwa moja kwenye beringi.

Mdau wa Ilemela: Naongezea kwa dada. Difu ya nyuma ikizama ziwani ikiwa ya moto, hewa ya ndani inapoa ghafla na kunywa maji kupitia sili. Fungua boliti ya kujazia, oili ikiwa kama chai ya maziwa, imwage leo leo.

Jibu: Kabisa. Pale juu ya ekseli pana kipumulio. Vesha mpira wa mafuta, ubane kwa klempu, uupandishe mpaka juu karibu na kifuniko cha tangi. Kipumulio cha gia boksi na cha transfa vifanyie hivyo hivyo wakati boksi bado iko chini, ikishapanda mkono haufiki.