Neti ya umeme inapigwa na kiangazi
Wakuu mnaofuga mbuzi huku Newala na Masasi, kama una ile neti ya umeme ya kuhamisha na mbuzi wanaisukuma kama kamba ya kuanikia nguo, usikimbilie kusema mashine inayosukuma umeme kwenye neti imekufa, angalia ethi kwanza, yaani ile nondo ya chuma inayounga mashine na ardhi. Mchanga wetu ukikauka kuanzia mwezi wa saba huko haupitishi umeme vizuri, na mbuzi anapigwa shoti pale tu umeme unapopita mwilini mwake ukashuka ardhini ukarudi kwenye mashine kwa ile nondo ya ethi, sasa kanondo kafupi kwenye mchanga mkavu kanarudisha nini? Mi nilitoa kale kafupi nikagongelea nondo tatu za mita moja moja, nimeziachanisha kama mita tatu nikaziunga kwa waya mmoja, na kila jioni namwagia ndoo ya maji hapo chini. Testa ilikuwa inasoma volti 1,800, ikapanda mpaka 4,000 na kitu. Beberu alinusa mara moja tu, sasa hivi anaizunguka kwa adabu.

Nyasi nazo fyeka pale neti inapopita, zikiigusa zinakunywa umeme. Halafu usiiache imezimwa na mbuzi wamo ndani, mwenye pembe akinasa anajinyonga. Na tafadhali, kusiwe na mtu wa kuchomeka neti moja kwa moja kwenye umeme wa nyumbani, hiyo inaua watoto.