Jinsi ya Kuchambua Gharama ya Mfumo wa Kompyuta wa Serikali

Habari kwamba serikali imetumia mabilioni kununua mfumo wa kompyuta huzua ghadhabu, na mara nyingi ghadhabu hiyo ni ya haki, ila huelekezwa mahali pasipo na fedha. Wengi huchukua mshahara wa vijana kadhaa wanaoandika programu, wakaulinganisha na bei ya mkataba, kisha wakahitimisha kwamba tofauti yote imeibwa. Wizi hutokea. Hata hivyo, sehemu kubwa ya gharama huamuliwa na kanuni na masharti ya mkataba kabla programu yenyewe haijaanza kuandikwa, na anayetaka kuwabana wahusika kwa hoja anapaswa kuanzia huko.

Anza kwa kutafuta idadi ya kanuni ambazo mfumo unatakiwa kuzitekeleza. Mfumo wa mishahara wa Kanada uitwao Phoenix, ulioanza kutumika mwaka 2016 kwa watumishi wapatao 290,000 wa serikali kuu, ulitakiwa kubeba kanuni za malipo zaidi ya 80,000, nyingi zikiwa zimetokana na makubaliano na vyama vya wafanyakazi. Posho inayosumbua kukokotoa haiwezi kuachwa kwa kuwa mtaalamu wa kompyuta ameichoka, kwa sababu ni haki ya mtumishi iliyoandikwa. Kwa hiyo, ukipata nyaraka za zabuni, angalia kama kuna aliyeoanisha kanuni hizo kabla ya zabuni kutangazwa. Kama hakuna, kila kanuni ya zamani italipiwa mara ya kwanza inapojengwa, na tena kila inapobadilishwa.

Kisha linganisha bajeti ya awali na makadirio ya kwanza ya mkandarasi, na uulize ni nini kilichokatwa ili viwili hivyo vilingane. Hapa ndipo ninaposhauri utumie muda mwingi zaidi, kwa kuwa ndipo Phoenix ilipoharibikia. Mwaka 2009 serikali ya Kanada iliidhinisha dola za Kanada milioni 155. Mwaka 2012 mkandarasi wa mradi, kampuni ya IBM, ikakadiria kwamba kazi ingehitaji dola milioni 274. Badala ya kurudi kuomba nyongeza, wasimamizi wa mradi waliondoa au kuahirisha zaidi ya kazi 100 kati ya 984 ambazo mfumo ulipaswa kuzifanya, ikiwemo kushughulikia malimbikizo ya mishahara, wakapunguza majaribio, na wakafuta jaribio la kuanza na idara moja kwanza. Maofisa wazoefu wa mishahara nao walikuwa wamekwisha kupunguzwa, kwa matarajio ya kuokoa dola milioni 70 kila mwaka. Kufikia katikati ya mwaka 2017, watumishi zaidi ya 150,000 walikuwa na matatizo ya malipo ambayo hayajatatuliwa, na gharama za mfumo huo baadaye zilipita dola bilioni 2. Bei ndogo isiyoelezeka inastahili kuchunguzwa kwa ukali uleule wa bei kubwa, pengine zaidi.

Uliza pia mfumo utakuwa mali ya nani. Nchini Kenya, mfumo wa kidijitali unaotumiwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, inayosimamia bima ya afya ya umma, una thamani ya shilingi bilioni 104.8, na kampuni zilizoujenga zinalipwa kwa miaka kadhaa kutokana na fedha zinazopita ndani yake. Mkaguzi Mkuu Nancy Gathungu alibainisha kwamba ununuzi huo haukufanywa kwa ushindani, na kwamba serikali haina umiliki wala udhibiti wa mfumo huo. Kwa maoni yangu, jambo hilo la umiliki ni zito kuliko kiasi chenyewe cha fedha, kwa kuwa asiyemiliki msimbo, yaani maandishi yanayounda programu, na data hana nguvu ya kujadili bei mkataba unapofika ukingoni. Soma kwa makini vifungu vya haki miliki, leseni na makabidhiano.

Usisahau gharama zisizoonekana, kama vile kuhamisha kumbukumbu za zamani, kuwafundisha watumishi, na kupeleka umeme na intaneti katika zahanati za mbali. Ulizia pia kama wizara ina wahandisi wake wenyewe wanaoweza kusoma kazi ya mkandarasi na kuikataa.

Maswali haya yaulizwe mapema, wakati wa bajeti na kabla ya mkataba kutiwa saini, kwa sababu ripoti ya ukaguzi huja fedha zikiwa zimekwisha kutoka. Kenya na Tanzania kila moja ilitunga sheria ya haki ya kupata taarifa mwaka 2016. Andika barua kwa taasisi husika, utaje sheria hiyo, na badala ya kuuliza kwa jumla mfumo umegharimu kiasi gani, omba nyaraka kwa majina yake: orodha ya mahitaji, ratiba ya malipo, kifungu cha haki miliki, ripoti za majaribio, na kila nyongeza iliyofanywa kwenye mkataba tangu siku uliposainiwa.