Gari halinywi maji: jinsi ya kutafuta rejeta inapovuja

Huku Tabata, Dar es Salaam, kuna watu wengi wanaotembea na chupa ya maji kwenye buti. Asubuhi wanaongeza kwenye rejeta, jioni wanaongeza tena, na ukiwauliza wanasema gari linakunywa maji. Gari halinywi maji. Mfumo wa kupoza injini umefungwa pande zote, kwa hiyo maji yakipungua kuna mahali yanatoka. Mahali hapo pana alama, na ukiijua alama hutanunua rejeta wakati tatizo lilikuwa klipu ya mpira.

Ninayozungumzia ni Toyota ndogo za miaka ya 2000, maana ndizo zimejaa barabarani na ndizo ninazozijua. Langu ni Vitz ya 2003, injini ya 2NZ. Mambo mengi yanafanana na 1NZ iliyomo kwenye IST, Raum na Premio za 1500. Vitz haina mshale wa joto. Ina taa ya bluu injini ikiwa baridi na taa nyekundu ikishachemsha, na kati ya hapo dashibodi haikwambii kitu. Uvujaji mdogo unaweza kukaa kimya hadi siku ya foleni ya Barabara ya Mandela saa nane mchana, AC imewashwa, ndipo nyekundu inawaka. Ikiwaka, zima AC, fungulia hita hadi mwisho wakati unatafuta pa kusimama, paki, zima injini. Usijikaze kufika nyumbani. Silinda hedi, yaani kichwa kinachofunika injini kwa juu, kwenye injini hizi ni ya alumini, na joto likizidi inapinda.

Mfuniko wa rejeta usiuguse injini ikiwa moto. Umeandikwa 0.9 au 1.1, na hiyo ni presha, takriban kwa kipimo cha bar. Kwenye presha ya 0.9 maji matupu huchemka karibu nyuzi 118, si 100. Ukifungua, presha inaondoka ghafla, maji yanachemka palepale na kukurukia usoni. Subiri hadi uweze kuubana mpira wa juu, ule bomba nene linaloingia juu ya rejeta, kwa kiganja ukawa laini na hauunguzi.

Kwanza jiridhishe kwamba unachokiona chini ni maji ya rejeta. Kwa unyevu wa Dar, AC inadondosha maji mengi, kwa kawaida upande wa abiria wa mbele. Hayo ni meupe, hayana harufu wala utelezi. Kulanti, yaani maji maalumu ya kupozea injini, ina rangi, inateleza vidoleni, ina harufu tamutamu. Usiionje. Kemikali iliyomo, ethilini glaikoli, ni sumu, na utamu wake ndio unaovuta watoto, mbwa na kuku. Beseni lenye kulanti usiliache uani hata kwa dakika chache, wala usiimwage kwenye mtaro.

Kama rejeta yako ina maji ya bomba matupu, weka kulanti yenye rangi kabla ya kuanza kutafuta. Maji yakikauka hayaachi kitu cha maana, kulanti inaacha ukoko.

Jioni tandika kadibodi pana chini ya injini. Asubuhi, kabla hujawasha, angalia doa limeangukia wapi, kisha chukua tochi na ufuatilie kuelekea juu kutoka hapo. Tone huteleza kwenye vyuma kabla ya kudondoka, kwa hiyo fuata ukoko hadi sehemu ya juu kabisa palipo na alama. Huko ndiko kwenye chanzo.

Kwa magari haya mimi naanza na rejeta yenyewe. Katikati ni alumini, lakini tanki la juu na la chini ni plastiki iliyobanwa kwa meno ya bati. Plastiki ya juu ikizeeka inageuka kahawia na inapata ufa mwembamba, mara nyingi karibu na shingo ya mpira. Ufa huo ukiwa baridi huuoni. Injini ikipata moto na presha kupanda, unafunguka na kutoa mvuke kidogo, basi. Pitisha tochi kando kando ya plastiki, si kwa kuimulika moja kwa moja, utaona mstari wa waridi au mweupe uliokauka. Angalia pia pale plastiki inapoungana na alumini.

Halafu wota pampu, ile inayozungusha maji ndani ya injini. Kwenye injini hizi inazungushwa na mkanda wa nje, upande wa dereva. Pampu ina tundu dogo lililowekwa makusudi: sili ya ndani ikichoka, maji yanatokea hapo. Mulika chini ya puli, gurudumu linalovutwa na mkanda. Ukiona mchirizi wa ukoko unaoteremka kwenye bloku, au matone yaliyorushwa kama duara kuzunguka puli, pampu imekwisha. Shika puli uitikise injini ikiwa imezimwa. Ikicheza, usiendelee kuitumia.

Mipira ni kazi rahisi. Ibane kwenye ncha, karibu na klipu. Mpira mzima unarudi, uliooza unakuwa kama umevimba au unatoa mlio wa kukatika nyuzi. Usisahau ile miembamba inayoingia kwenye ukuta wa nyuma kwenda kwenye hita. Hita yenyewe ikivuja, zulia la abiria linalowa na kioo cha mbele kinapata ukungu wenye mafuta.

Kama huoni kitu, tafuta fundi mwenye pampu ya kupimia presha. Inafungwa mahali pa mfuniko, injini ikiwa baridi, inajazwa hadi namba iliyoandikwa kwenye mfuniko, mnasubiri kama dakika 15. Mshale ukishuka, kuna mahali panavuja, na kwa presha hiyo panajionyesha. Mwambie apime na mfuniko. Mpira wa mfuniko ukichoka maji yanakimbilia kwenye chupa ya akiba, ile ya plastiki iliyounganishwa na rejeta, na kumwagika, na mfuniko ndiyo spea ya bei ndogo kuliko zote hizi.

Mshale ukishuka na nje pakavu, hofia gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya silinda hedi na bloku. Dalili zake ni mapovu yasiyoisha kwenye rejeta injini ikiunguruma, moshi mweupe usiokoma hata injini ikipata moto, na oili yenye rangi ya chai ya maziwa. Hapo acha kuendesha.

Ukishajua kilichoharibika, nenda Gerezani, Kariakoo, na cha zamani mkononi. Mpira na klipu nunua vipya. Wota pampu ya mtumba siinunui, kwa sababu sili yake imekaa kavu na huwezi kuijua hadi uifunge. Rejeta ya plastiki iliyopasuka usiipake gundi ya chuma ukategemea. Dawa ya kumwaga ndani nayo naiogopa: inaziba tundu, na inaziba mirija midogo ya rejeta na hita vilevile.

Kuna jambo ninalolikataa kila mara. Fundi anashika thamostati anasema, "Bosi, hii tuitoe tu, Dar joto." Usikubali. Thamostati ya injini hizi inafanya kazi mbili: ikipata nyuzi 80 hadi 84 inafungua njia ya rejeta, na wakati huohuo inaziba njia fupi ya kuzungukia ndani ya injini. Ukiitoa, ile njia fupi inabaki wazi na maji mengine yanarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Asubuhi injini inachelewa kupata joto na inakula mafuta, mchana kwenye foleni inaweza kuchemsha. Ukiitilia shaka, itumbukize kwenye sufuria chakavu ya maji, usiyoipikia tena, uweke jikoni. Isipofunguka kabla maji hayajachemka, nunua nyingine.

Kujaza kuna utaratibu wake. Maji ya kisima ya maeneo mengi ya Dar yana chumvi, na chumvi inakula alumini. Nunua kulanti iliyokwisha kuchanganywa. Kama ni nzito, changanya nusu kwa nusu na maji safi ya mvuke yanayouzwa sheli kwa ajili ya betri, hakikisha si asidi. Usichanganye rangi kwa kubahatisha. Mimina taratibu, fungulia hita hadi mwisho, washa injini mfuniko ukiwa wazi, huku ukibonyezabonyeza mpira wa juu ili hewa itoke. Kiwango kikishuka, ongeza. Feni ikiwaka na kuzima, na mapovu yakikoma, funga mfuniko na ujaze chupa ya akiba hadi mstari wa juu.

Kesho yake injini ikiwa baridi ongeza kidogo kama imeshuka. Hiyo ni hewa iliyobaki. Piga mstari wa maka peni kwenye chupa ya akiba na uangalie kila asubuhi kwa wiki moja. Ikiendelea kushuka siku baada ya siku, rudi kwa fundi mwenye pampu ya presha, na safari hii umwombe apime injini ikiwa na joto kidogo, kwa sababu baadhi ya nyufa za plastiki hazifunguki zikiwa baridi.