Namna ya kupima ushindani wa vijidudu vinavyoishi ndani ya mizizi ya ulezi

Mzizi wa ulezi ulio mzima, usio na doa wala dalili ya ugonjwa, hauko peke yake. Ndani yake, katika nafasi finyu zilizo kati ya seli na wakati mwingine ndani ya seli zenyewe, huishi bakteria na kuvu ambao wataalamu huwaita endofaiti. Chakula wanachogawana ni kidogo na nafasi ni ndogo zaidi, kwa hiyo hunyang'anyana sukari na madini ya chuma, humwagiana sumu, na wengine humla jirani. Mwongozo huu unamwelekeza mwalimu wa baiolojia, mwanafunzi wa kilimo au fundi wa maabara ndogo namna ya kuwatoa vijidudu hao mzizini, kuwapambanisha, na kutambua ni silaha gani iliyotumika.

Nimechagua ulezi kwa sababu maalumu. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Guelph, nchini Kanada, walieleza habari za bakteria wa jenasi ya Enterobacter, aliyepewa jina la M6, waliyemtoa katika mizizi ya zao hili lenye asili ya nyanda za juu za Afrika Mashariki na Ethiopia. Kuvu ya Fusarium graminearum, iletayo ugonjwa katika nafaka, inapoukaribia mzizi, bakteria huyo huifuata, na vinyweleo vya mzizi huongezeka na kulala tabaka juu ya tabaka mithili ya mkeka. Katikati ya mkeka huo bakteria hujenga makundi mazito, na kuvu ikijipenyeza hunaswa na kuuawa kwa fenazini, kundi la kemikali za sumu zinazotengenezwa na bakteria. Ukilikumbuka jambo hilo utaelewa kwa nini kazi ya sahani za maabara, ambamo vijidudu huoteshwa, pekee haitoshi, kwani katika vita hivyo mmea wenyewe ni mshiriki.

Kazi huanza shambani. Ng'oa mimea mitatu au minne yenye afya pamoja na udongo wake, iweke katika mfuko wenye ubaridi, na uifanyie kazi ndani ya saa 24. Osha mizizi kwa maji ya bomba mpaka udongo wote utoke, kisha ikate vipande vya sentimita mbili hivi. Vichovye katika spiriti ya asilimia 70 kwa dakika moja, uvihamishie katika jiki iliyopunguzwa nguvu mpaka asilimia 2 ya hipokloriti (kiini chake kinachoua vijidudu) kwa dakika tatu, uvirudishe katika spiriti kwa nusu dakika, halafu uvisuuze mara nne au tano kwa maji yaliyotakaswa. Mizizi ya ulezi ni myembamba, na jiki ikikaa muda mrefu hupenya ndani na kuwaua wale unaowatafuta. Fanya kazi hii penye hewa ya kutosha, usichanganye jiki na siki wala sabuni za chooni, na uiweke spiriti mbali na moto.

Hapa ndipo wengi hukosea, nami nimo miongoni mwao. Maji ya mwisho ya kusuuzia ni lazima yapandwe katika sahani yake. Chukua mikrolita 100 za maji hayo, zisambaze juu ya agari, yaani rojo lililoganda lenye chakula cha vijidudu, na uisubirishe sahani hiyo pamoja na nyingine. Ikiota chochote, basi ngozi ya mzizi haikusafika na huwezi kudai kwamba kijidudu chako kilitoka ndani. Tupa kundi zima uanze upya. Niliwahi kupoteza wiki sita nikipima bakteria ambaye, kwa yote niliyoweza kujua baadaye, alikuwa mkazi wa udongo tu, kwa kuwa niliona sahani hiyo moja ni upotevu wa agari.

Mizizi iliyopita mtihani huo isagwe katika kinu kilichotakaswa pamoja na maji kidogo, rojo lake lipunguzwe mara kumi, mara mia na mara elfu, na kila kiwango kipandwe. Kwa kuvu tumia agari ya viazi: maji yaliyochemshiwa gramu 200 za viazi, gramu 20 za glukosi na gramu 15 za agari, ujazo wote ukiwa lita moja, vikitakaswa kwa mvuke wa nyuzi 121 za Selsiasi kwa dakika 15. Sufuria ya presha ifikayo shinikizo la paundi 15 kwa inchi ya mraba inaweza kufanya kazi hiyo. Kwa bakteria tumia chakula hafifu, hata kile cha kawaida kilichopunguzwa mpaka sehemu moja ya kumi, kwa sababu wengi wao wamezoea uhaba na huzidiwa na wenye pupa pale chakula kinapokuwa kingi. Weka sahani penye nyuzi 25 hadi 28, uzitazame kila siku kwa wiki mbili, na kila koloni (kirundo cha vijidudu kinachoonekana kwa macho) lenye sura tofauti ulichoree upya kwa kitanzi cha waya mpaka libaki safi.

Sasa wapambanishe. Katikati ya sahani ya sentimita 9 weka kipande cha kuvu chenye kipenyo cha milimita 5, na upande mmoja, umbali wa sentimita 2.5, chora mstari wa bakteria. Andaa sahani nyingine yenye kuvu peke yake, na urudie kila moja mara tatu au zaidi. Pima urefu wa kuvu kutoka katikati kuelekea kwa bakteria, uutoe katika urefu wa ile iliyokua peke yake, ugawanye kwa huo wa pili na kuzidisha kwa 100. Kwa mfano, ikiwa peke yake ilifika milimita 40 na mbele ya bakteria ikaishia milimita 14, imezuiwa kwa asilimia 65.

Asilimia hiyo haisemi kuvu ilizuiwaje, na swali hilo kwangu ndilo kiini cha kazi yote. Ukiona uwazi safi kati ya wawili hao, inaelekea kuna kemikali iliyosambaa katika agari. Wakigusana na kusimama, wametoshana nguvu. Kuvu moja ikiifunika nyingine, chukua uzi wake uutazame kwa hadubini, maana kuvu ya Trichoderma hujizungusha kwenye nyuzi za mwenzake na kumla. Uwazi huo huo, hata hivyo, unaweza kutokana na njaa ya chuma: bakteria kama Pseudomonas hutoa molekuli zinazokamata chuma chote kilicho karibu, na rangi yao ya manjano-kijani hung'aa chini ya taa ya urujuanimno. Rudia jaribio katika agari yenye chuma kidogo, kisha katika agari hiyo hiyo iliyoongezwa miligramu 27 za kloridi ya feri yenye maji kwa lita. Kizuizi kikitoweka, sababu ilikuwa chuma. Kuhusu kemikali za hewani, pandisha kila kijidudu katika sahani yake, ondoa vifuniko, elekezanisha nyuso mbili na uzifunge kwa utepe, ili wasigusane ila kwa hewa.

Badilisha pia zamu ya kuingia. Mpande bakteria saa 24 kabla ya kuvu, kisha geuza, kwa maana mara nyingi aliyetangulia hushinda kwa kuwahi tu, na hiyo hailingani na kushinda kwa nguvu.

Hatua ya mwisho ni mmea. Takasa mbegu za ulezi kwa njia ile ile, ziote, chovya miche katika maji yenye bakteria mmoja, au mwingine, au wote wawili kwa idadi sawa, na uipande katika mchanga uliotakaswa. Baada ya wiki tatu rudia utakasaji na usagaji, uhesabu makoloni. Ili kuwatofautisha, vitabu vingi hushauri kumtia bakteria alama kwa kumzoesha dawa ya rifampisini mpaka awe sugu kwake. Mimi sishauri hivyo katika maabara ya shule, kwa kuwa hiyo ni dawa ya kifua kikuu. Badala yake chagua bakteria wawili ambao makoloni yao yanatofautiana kwa rangi. Usinuse sahani za Fusarium, kwani baadhi yake hutengeneza sumu, na uzichemshe zote kwa presha kabla ya kuzitupa.

Mshindi wa sahani akikosekana mzizini, usilifute jaribio. Huenda alitengeneza sumu kwa sababu tu agari ya viazi ilimpa sukari nyingi, au mpinzani wake aliufahamu mlango wa kuingilia mzizini ambao yeye hakuujua. Rudia kwa agari iliyotengenezwa na maji ya mizizi ya ulezi yenyewe, na ulinganishe vipimo.